Mjomba Nyaya, Mpiga Gitaa Aliyesubiri Makofi Redioni

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, mimi ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake wa pekee, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome, karatasi ambayo mama yangu ameisimamia mstari kwa mstari, hivyo mkisikia jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele ya jeneza, mjue kwamba yeye ndiye aliyetaka lisemwe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Nyaya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshona nguo, na inasemekana alilia kwa nguvu mpaka watu wa nyumba ya tatu wakaja kuuliza kulikoni.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaingia sekondari mwaka 1966, ambako hakung'ara katika hesabu wala historia, ila aliifungua redio ya mwalimu mkuu ili aone sauti inatokea wapi, akashindwa kuirudisha, akafukuzwa kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili akafundishwa gitaa na jirani yetu, seremala, kwa hiyo adhabu ile ndiyo iliyompa kazi ya maisha yake.

Mwaka 1971 yeye na wenzake watatu waliunda bendi ya Radi Kavu, wakapiga roki wakati watu wazima walipoiita kelele za kuharibu masikio, jambo ambalo marehemu hakulibishia, maana sikio lake la kushoto lilikufa kabisa mwaka 1983. Kwa miaka ishirini na mitatu walizunguka kumbi za sinema, viwanja vya mpira na mabwalo ya shule, na desturi yake jukwaani haikubadilika, wimbo ukiisha alisema "Asanteni", akashusha mkono, akasimama kimya mpaka kofi la mwisho lipigwe, hata kama ni dakika nzima.

Tarehe 6 Mei 1978 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati ya karakana, wakajaliwa binti mmoja tarehe 22 Januari 1980, lakini ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1985, bila ugomvi wa kusimulia, mke alichoka tu kuishi na begi la safari, akaondoka na mtoto kwenda kuishi nje ya nchi.

Mwaka uliofuata bibi yetu, mama yake marehemu, alifariki, akazikwa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1986, na marehemu, aliyekuwa ziarani mwendo wa siku nzima, alipata simu ya upepo siku ya Jumatano, akapiga hesabu kwamba akimaliza onyesho la Ijumaa angewahi, akafika Jumapili, viti vimesharudishwa. Mama yangu alimpokea mlangoni kwa maneno ambayo ameagiza yasomwe yalivyo, "Rudi kwa hao wanaokupigia makofi", naye akageuka akaondoka, na kwa miaka thelathini na mitano iliyofuata ndugu hawa wawili walisalimiana kwenye harusi na misiba tu, tena kwa kupeana mkono.

Bendi ilikufa mwaka 1994, baada ya mpiga ngoma kufariki, mpiga besi kuokoka na kuuza vyombo vyote, na mwimbaji kuhamia kwa mwanawe, hivyo marehemu akakaa akitengeneza redio na vipaza sauti katika kibanda cha sokoni hadi mwaka 2016, akiishi chumba kimoja cha ghorofani, na kila alipotoka aliiacha redio ikiwa imewashwa, ili akirudi akute mtu anaongea.

Ndipo kituo kidogo cha redio, kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kilipomwita ajaribu utangazaji kwa miezi mitatu, kuanzia Jumamosi tarehe 2 Juni 2018, saa kumi jioni, na mjomba wangu, akiwa na miaka sitini na saba, alinyoa, akavaa koti la jukwaani, akaenda kuketi peke yake mbele ya kipaza sauti. Alipiga wimbo wa kwanza, ukaisha, akasema "Asanteni", akasubiri. Mtambo wa kituo kile ulikuwa na kinga yake, kimya kikizidi sekunde nane ulijiendesha wenyewe, kwa hiyo wasikilizaji walipelekwa moja kwa moja kwenye tangazo la magodoro, na jambo hilo likajirudia kila Jumamosi, naye akamnunia fundi mitambo akidhani anakatizwa kwa dharau, mpaka mkuu wa kituo alipomketisha akamwambia, "Mzee, humu ndani hakuna watu", naye akajibu, "Najua, ndiyo maana nasubiri."

Wakati huo mama yangu, ambaye nyumbani hakutaka hata kaka yake atajwe, alikuwa akifungua redio jikoni kila Jumamosi, akisingizia kwamba anangoja utabiri wa hali ya hewa, na marehemu aliponyamaza, mama aliweka kisu chini, akapiga makofi taratibu, peke yake, akasema, "Haya, endelea." Mimi nilimwona, nisimwambie mjomba, na hilo ni kosa langu.

Tarehe 25 Agosti 2018 marehemu alitangaza kwamba muda wa majaribio unaisha, kwamba hajapata simu hata moja, na kwamba angependa kujua kama kuna mtu. Mama alipiga. Aliposikia "Haloo, nani mwenzangu?" alikata simu, na redioni tukamsikia kaka yake akisema, "Amekata. Basi, labda wamekosea namba." Kipindi hakikuendelea, naye akawaambia watu kwamba ameacha mwenyewe, kwa sababu ya ngazi.

Alianza kuugua figo mwanzoni mwa mwaka 2021, akalazwa tarehe 18 Oktoba, na mama alikwenda kila siku, wakaongea kuhusu shuka, dawa na dirisha lifungwe au liachwe wazi, na kila jioni njiani alisema kesho nitamwambia. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 9 Novemba 2021, saa mbili asubuhi, wakati mama yuko kwenye foleni ya kuingia wodini. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwaona, dada mmoja na wapwa watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani wa ghorofani waliombeba kushuka ngazi, mafundi wenzake wa sokoni, na fundi mitambo wa redio, aliyekuja kumnyoa hospitalini licha ya kununiwa kote kule.

Mjomba, namba ile haikukosewa, alikuwa ni dada yako, na hakukosa Jumamosi hata moja. Sasa pumzika, na amani ikae nawe.