Mfano wa Kumi na Saba

Waliokuwapo kwenye benchi asubuhi ile walikuwa wanne. Wa kwanza ni muuza kahawa, ambaye mtaa mzima humwita Shemeji, ingawa kwa haki ni shemeji wa mtu mmoja tu: fundi wa lifti aliyemwoa dada yake. Wa pili ni kinyozi mwenye kibanda nyuma ya benchi. Huyo huitwa Kinyozi na hana jina lingine pale. Wa tatu ni tarishi mstaafu aitwaye Waziri, kwa kuwa alibeba mafaili ya wakubwa kwa miaka thelathini na mmoja na huzungumza kana kwamba aliyaandika yeye. Wa nne ni Karatasi, mtu mwembamba wa miaka hamsini na minne, anayeandika vitabu vya maelekezo katika kampuni inayotengeneza programu za kuendeshea lifti. Ambaye hakuwapo ni huyo fundi wa lifti, waliyemwita Kamba. Nafasi yake upande wa ukutani hakuna aliyeikalia. Jana yake, saa tisa alasiri, katika jengo la ghorofa kumi na nne lililo ng'ambo ya barabara, lifti aliyokuwa ameifunga ili aitengeneze ilishuka ikamkuta chini yake.

— Simu imesemaje? aliuliza Waziri.

— Haijasema, alijibu Shemeji. Dada alipiga kulipokucha, akasema bado yumo chumba cha upasuaji. Toka hapo, kimya.

— Kimya ni kizuri. Ofisini kwetu faili likikaa kimya, ujue linashughulikiwa.

— Waziri, mume wa dada yangu si faili.

Waziri akakubali kwa kichwa, akanywa. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake na taulo begani. Mteja hakuwa naye.

— Mimi nasema zile nyaya zilikatika. Chuma kikizeeka huoza kwa ndani, kwa nje kinang'aa. Nimeviona vichwa vya namna hiyo.

— Zingekatika, lifti ingeanguka, alisema Shemeji. Hii haikuanguka. Ilishuka polepole, taa zinawaka, na ndani yumo mama mmoja na mifuko yake miwili. Alibonyeza kitufe cha chini, ikamtii. Yule mama mpaka sasa hajanyanyuka kitandani kwake.

— Ilimtii vipi nayo imefungwa?

— Hilo ndilo ninalouliza mimi tangu jana.

Karatasi alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. Alikoroga kwa muda mrefu. Yeye alijua, na alijua tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hiyo, alipofungua ofisi kabla ya wenzake na kuutafuta ukurasa.

Kitabu chake kina mifano arobaini na miwili ya maagizo ambayo fundi huyaandika kwenye kompyuta ya chumba cha mitambo. Zamani aliinakili yote kwa mkono, na kila watu wa programu walipobadilisha jambo, kitabu kilibaki nyuma kikifundisha mambo ya mwaka jana. Akabuni utaratibu, na aliuonea fahari. Mifano haikuandikwa tena kitabuni. Mashine iliikata kutoka kwenye programu yenyewe, ikaijaribu, na mmoja tu ukishindwa kitabu kilizuiwa kutoka. Programu ikigeuka asubuhi, kitabu kimegeuka kabla ya chakula cha mchana. Mifano arobaini na mmoja ilifungwa hivyo na programu, kama gari na tela lake. Wa kumi na saba ulikataa. Huo ni wa kufunga lifti moja ili fundi aingie chini yake, na haukuweza kujaribiwa bila lifti ya kweli. Ofisi yao iko ghorofa ya chini. Kila siku ulishindwa, na kila siku ulizuia kitabu kizima. Siku moja Karatasi akauandika kwa mkono kama zamani, kisha akaweka kando yake neno moja kwa ajili ya mashine: ruka. Akaongeza: kwa muda.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Wiki mbili zilizopita watu wa programu walibadilisha hesabu. Lifti ya kwanza, iliyokuwa namba moja, ikawa namba sifuri. Ya pili ikawa moja. Mifano arobaini na mmoja ilijirekebisha siku ile ile. Wa kumi na saba ukaendelea kusema: kufunga lifti ya kwanza, andika moja. Kamba aliandika moja. Mashine ikafunga lifti ya pili, kama ilivyoambiwa, na skrini ikamjibu kwamba lifti namba moja imefungwa. Hapakuwa na uongo mahali popote.

— Hapa pana mkono wa mtu, alisema Waziri. Siku hizi mtu anakaa kwake, nchi nyingine kabisa, anaendesha lifti yako kwa mtandao. Kwa mujibu wa habari nilizonazo, wapo.

— Mtu wa nchi nyingine amjue Kamba? alisema Kinyozi. Amemkosea nini? Kamba ukimnyoa vibaya anakushukuru.

— Hawamlengi yeye. Wanajaribia kwake. Wakiona imeweza, wanahamia kwenye madaraja.

— Madaraja yana lifti?

— Yapo yanayopanda na kushuka, usibishe.

— Basi sikilizeni la kwangu, alisema Kinyozi, akatoka mlangoni na kuketi. Hizi mashine zimefundishwa kufikiri. Si ndiyo? Sasa kitu kinachofikiri, kinachoka. Kamba ameifungua ile lifti mara ngapi? Kila mwezi anaichokonoa. Hata mimi, mtu akinichokonoa kila mwezi…

— We, nyamaza, alisema Shemeji.

— Nasema tu.

— Usiseme tu. Mtu yuko mezani amepasuliwa, wewe unasema tu.

Barabarani pikipiki mbili zilipita zikifuatana. Waziri ndiye aliyerudi kwenye mazungumzo, na safari hii aliteremsha sauti.

— Nimewahi kusikia kwamba hizi programu zinajibadilisha zenyewe. Unalala ikiwa hivi, unaamka ikiwa vile, na hakuna aliyepewa taarifa. Karatasi, hii ni kazi yenu. Ni kweli au si kweli?

— Hazijibadilishi. Watu huzibadilisha.

— Na wanatoa taarifa?

Karatasi alinyanyua kikombe, akakiona ni cha moto bado, akakirudisha.

— Mara nyingi.

— Leo umekuwa bubu, alisema Kinyozi. Siku nyingine mtu akisema namba badala ya tarakimu unamsahihisha.

Akilini Karatasi alimwona tena meneja wake wa asubuhi ile, amesimama kwenye korido na funguo za gari mkononi, akisema: Usizungumze na mtu yeyote mpaka mwanasheria aje. Ukurasa tutausahihisha Jumatatu, na mengine yote. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kisha akajisikia akisema maneno ambayo hakuyapanga:

— Angezima swichi kuu. Swichi kuu ikizimwa, hakuna lifti inayokwenda popote.

Shemeji aliweka birika chini.

— Swichi kuu inazima zote tatu. Mwenye jengo amebandika tangazo hapo hapo kwenye swichi: marufuku kuzima saa za kazi. Kamba alishapewa onyo la kwanza. Ungetaka afanye nini, kaka? Afukuzwe?

— Sikusema hivyo.

— Alifunga moja, kama kitabu kinavyosema. Walimkuta na ukurasa wenyewe mfukoni, umefunikwa plastiki usiingie grisi. Na nikwambie jambo. Nilimuuliza mwezi jana: shemeji, unaingia chini ya chuma kile kwa kuamini kompyuta? Akacheka. Akasema kitabu hiki nakiamini, mwandishi wake nakaa naye benchi moja.

Kinyozi alimtazama Karatasi, kisha akatazama kando.

Ndipo akaja mwanamke kijana aliyevaa ovaroli ya buluu, na boksi la vifaa mkononi. Aliwaamkia wote shikamoo, akaomba kahawa. Shemeji alilikung'uta birika, likatoa nusu kikombe na machicha.

— Ndiyo ya mwisho, binti. Samahani.

— Inatosha, baba. Nimetumwa jengo lile. Mimi ndiye fundi wa zamu badala ya mwenzetu aliyeumia. Wanataka lifti irudi kazini kabla ya saa sita.

— Huyo mwenzenu ni shemeji yangu.

Yule fundi alikiweka kikombe kabla hajanywa.

— Poleni sana. Kwa kweli poleni. Mimi alinifundisha kazi.

— Tumeshapoa, alisema Waziri, kwa niaba ya wote. Unakwenda kuingia mle mle?

— Lazima niingie. Breki iko nusu, haikufungwa.

Alitoa mfukoni ukurasa uliofunikwa plastiki, akaunyoosha juu ya goti.

— Mnaomjua, mnisaidie. Alikuwa anatengeneza ipi? Ya kushoto au ya katikati? Mlinzi wa leo ni mgeni.

— Ya kushoto, alisema Shemeji.

— Yaani ndiyo namba moja.

— Ndiyo hiyo, alisema Waziri. Kutoka kushoto: moja, mbili, tatu. Hata mafaili ya serikali hupangwa hivyo.

— Ahsante, mzee.

Alikunywa ile nusu kikombe kwa mikupuo miwili, akashukuru, akabeba boksi lake. Alishavuka mfereji wa kando ya barabara na alikuwa akingoja lori lipite, Karatasi aliposimama.

— Binti! Usiende.

Akageuka.

— Rudi. Rudi kidogo, mama.

Alirudi, boksi bado mkononi. Karatasi alikuwa amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

— Si namba moja. Ya kushoto ni sifuri. Ukiandika moja unafunga ya katikati, na ya kushoto itakuja juu yako.

— Ukurasa unasema moja.

— Ukurasa umekosea.

— Wewe umejuaje? aliuliza Shemeji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza saa.

— Niliuandika mimi.

— Najua unaandika vitabu. Nauliza umejuaje kwamba umekosea.

— Nimeona asubuhi hii. Programu ilibadilishwa, ukurasa haukubadilishwa.

— Asubuhi hii saa ngapi?

— Saa kumi na mbili na nusu.

— Sasa ni saa tatu na nusu, alisema Shemeji. Tumekaa hapa tangu saa mbili.

— Ndiyo.

Shemeji alikichukua kikombe cha Karatasi, akamwaga kahawa iliyobaki mferejini, akakisuuza kwa maji ya ndoo, akakiweka pamoja na vingine. Waziri alivua miwani na kuishika.

— Mifano yenu haijaribiwi? aliuliza yule fundi.

— Inajaribiwa. Arobaini na mmoja inajaribiwa kila siku.

— Na huu?

— Huu niliambia mashine iuruke.

— Kwa nini?

— Ulikuwa unachelewesha kitabu.

Yule fundi akatoa kalamu, akajaribu kufuta ile moja, lakini wino ulikataa kushika juu ya plastiki. Akaukunja ukurasa mara mbili.

— Basi nitazima swichi kuu. Zote tatu. Wapande ngazi, watanifukuza kesho.

— Fanya hivyo, alisema Karatasi. Wakikuuliza, sema nimekwambia mimi. Wape na jina la kampuni.

— Kwenu wanajua?

— Wanajua. Wanasema Jumatatu.

Yule fundi aliitoa simu na kuanza kubonyeza. Alimpigia mwenzake mmoja, akamwambia atoke kwenye shimo la lifti kwanza, ndipo akamweleza kwa haraka. Alimpigia wa pili, naye akapokea. Wa tatu simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika.

— Huyu akiwa kazini simu huiacha juu kwenye koti, alisema. Baba, kurasa kama huu ziko kwenye majengo mangapi?

Karatasi alifikiri. Kitabu kilikuwa mtandaoni. Yeyote aliweza kuchapa ukurasa anaoutaka, na ule ndio uliochapwa kuliko yote. Wengine waliupiga picha kwa simu. Wengine walinakili kutoka kwa waliopiga picha. Kila mfano uliobaki alijua umetoka mstari gani wa programu, na saa ngapi ulijaribiwa mara ya mwisho.

— Sijui, alisema.

— Kwa kukisia?

— Siwezi hata kukisia.

Aliwatazama na wengine, kama mtu anayeomba msaada. Waziri, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda kwenye benchi lile, alikuwa akiifuta miwani. Kinyozi alitazama jengo la ng'ambo, na lililo nyuma yake, na lile jipya ambalo halijapakwa rangi.

Simu ya Shemeji ililia juu ya sanduku la vikombe. Aliipokea, akasikiliza amesimama, akasema ndiyo mara tatu, akasema nakuja, akaikata. Akavua aproni na kuikunja.

Kamba, fundi wa lifti, mume wa dada yake muuza kahawa, alifariki hospitalini Alhamisi hiyo, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.