Tsuma Rai, Aliyejua Kushusha Mzigo

Wasifu huu wa marehemu Tsuma Rai umeandikwa na mdogo wake, Chome Rai, naye ndiye anayeusoma hapa Golini leo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1958. Mjane na watoto walimwomba aandike maneno machache. Machache yamemshinda, nao watamwia radhi.

Marehemu alizaliwa Taru mwaka 1915, mtoto wa kwanza wa mzee Rai wa Nzai na mama Mbeyu. Mama ndiye aliyeushika mwaka huo kichwani, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa askari kupita kandokando ya reli wakienda vitani, na mbuzi wawili wa mzee wakapita nao. Mzee Rai alifariki mwaka 1929, Chome akiwa na umri wa miaka mitano. Tangu siku hiyo Chome hakuwa na baba mwingine ila Tsuma, ambaye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuota ndevu.

Masomo yake yalikuwa ya miaka miwili tu, katika shule ya misheni, chini ya mwalimu Ngala. Siku moja mwalimu aliviringisha chungwa mchangani, likasimama baada ya hatua mbili. Akaliviringisha tena kwenye sakafu ya saruji ya kanisa, likaenda mpaka likagonga ukuta.

Tsuma akanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu. Na kama ukuta usingekuwako?"

"Na mchanga usiwepo, wala chochote cha kulizuia?" mwalimu akamwuliza. "Basi lingekwenda tu, Tsuma. Lisingekuwa na sababu ya kusimama."

Marehemu alisema hakulala vizuri kwa wiki nzima akiliwaza chungwa lile. Mwaka huohuo baba akafariki na shule ikaishia hapo, lakini chungwa hakuliacha.

Mwaka 1932 alihamia Kwale, akamleta mama na mdogo wake, akaanza kazi ya uhamali wa mkokoteni. Watu wengi hudhani uhamali ni misuli. Marehemu alikuwa mwembamba, na mahamali wenye vifua vipana walimwacha nyuma kwa hatua mia za kwanza tu. Alipanga mzigo kwa utaratibu, mzito juu ya ekseli na mwepesi pembeni, akapaka ekseli mafuta kila asubuhi, wala hakuvuta kwa kushtukiza. "Kitu kilichotulia hakitaki kusumbuliwa," alikuwa akiwaambia wenzake, "na kikishaanza kwenda hakitaki kukatazwa. Kibembelezeni." Walimcheka, kisha wakamuiga.

Kwa mambo hayo ndivyo alivyompata mke. Mwaka 1937, wakati wa masika, mkokoteni wake ulikwama matopeni karibu na kisima, na kwa mara moja katika maisha yake akasahau kubembeleza. Jemima alikuwa amesimama na mtungi wake, akimtazama.

"Kaka, unausukuma kwa hasira," akasema. "Tope halina habari na hasira yako. Tandika makuti chini ya gurudumu."

Akatandika, mkokoteni ukatoka. Walifunga ndoa kanisani tarehe 23 Aprili 1938, wakajaliwa watoto wawili, Dama na Nzai. Marehemu alizoea kusema kwamba ndoa yake ilianza kwa kusahihishwa na haikubadilika.

Lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa ya mteremko wa Golini. Matunda ya Kwale yalishushwa kwa njia ile, na mikokoteni ilikuwa ikiwaponyoka mahamali. Marehemu aliuteua mstari wa mikorosho saba kando ya njia, akaweka desturi ambayo mahamali wanaifuata mpaka leo. Mmoja hukaa mbele. Mwingine hukaa nyuma na kamba iliyofungwa kwenye mkokoteni, akaizungusha mara mbili kwenye shina la mkorosho. Ikizungushwa hivyo, mti ndio unaobeba, na hata bibi kizee anaweza kuzuia magunia manane. Wa mbele huuliza, "Umeshika?" Wa nyuma hujibu, "Nimeshika." Hapo ndipo wa mbele huondoa gogo linalozuia gurudumu, kamba ikalegezwa polepole mpaka mti unaofuata. Miaka kumi na minne hakuna mzigo uliomponyoka.

Yanayofuata wengi wenu mnayajua, na mnayajua sivyo.

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1953, Tsuma na Chome walikuwa wakishusha machungwa ya Bwana Abdurahman, mfanyabiashara wa Kwale. Manyunyu yalikuwa yamepita na njia ilikuwa na utelezi. Chome alikuwa na haraka, kwa kuwa Bwana Abdurahman alikuwa amemwahidi kazi ya utingo kwenye lori lake jipya, na alitakiwa akaonane na dereva mchana ule. Penye mkorosho wa tano, Tsuma akauliza, "Umeshika?"

Chome akajibu, "Nimeshika."

Hakuwa ameizungusha kamba. Aliona mti mmoja si kitu, mikono yake ingetosha. Tsuma akaondoa gogo.

Mkokoteni ulimpitia Tsuma mguuni, ukashuka mpaka ukuta wa chini. Machungwa yalitapakaa njia nzima. Watu walipofika walimkuta Tsuma amekaa chini, mguu umevunjika penye paja, na Chome viganja vimechunika kwa kamba. Bwana Abdurahman akauliza nani aliyeondoa gogo kabla ya wakati.

Tsuma alimtazama mdogo wake, kisha akasema, "Ni mimi, Bwana. Sikungoja jibu."

Chome akanyamaza. Watu wakaviona viganja vyake wakamsifu kwamba alijitahidi kumwokoa kaka yake. Akazipokea sifa hizo. Akaipata na kazi, na leo ndiye dereva wa lori lile.

Tsuma hakuvuta mkokoteni tena. Alikaa barazani akitengeneza magurudumu ya wenzake, na mji mzima ukamwita Tsuma Gogo. Waliokuwa wakijifunza kwake sasa walipita wakimtania, "Mzee, gogo lipo?" Akatabasamu. Hata mkewe, uchungu ulipomzidi, alimwambia, "Babake Dama, wewe uliyetufundisha sote kungoja!" Chome alikuwa amekaa mkekani palepale siku ile, na chai aliyomiminiwa na shemeji yake akainywa.

Mwaka 1956 alijaribu kumwambia kaka yake kwamba atasema ukweli. Tsuma hakuinua macho kwenye gurudumu. "Chome, kimeshaenda hicho. Kiache, kitasimama chenyewe." Chome aliyapokea maneno hayo kama ruhusa. Alikuwa amekisahau kisa cha mwalimu Ngala, nacho alikisikia mara mia. Uongo ule haukuwa na sababu ya kusimama, na aliyeweza kuuzuia alikuwa mmoja tu.

Mwezi Septemba mwaka huu marehemu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya Msambweni. Jumapili iliyopita Chome alikwenda akiwa ameazimia kuomba msamaha mbele ya Jemima. Marehemu akamwuliza kuhusu breki za lori. Chome akamweleza habari za breki, kwa kirefu, mpaka wageni wakaambiwa watoke. Alijiambia atasema Jumapili ijayo. Tsuma alifariki Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo Chome anayasema leo, mbele ya Bwana Abdurahman, mbele ya mahamali wote wa Kwale, na mbele yako, shemeji. Tsuma Rai alingoja jibu. Alilipata, na jibu lilikuwa la uongo. Jina la Tsuma Gogo lisitamkwe tena. Anayetaka kumtania mtu kwa ajili ya siku ile anajua sasa nyumba ya kwenda. Chome anajuta, na anajua kwamba majuto yake yamechelewa kumfikia aliyestahili kuyasikia.

Marehemu ameacha mjane, Jemima. Watoto, Dama na Nzai. Mama yake mzazi, Mbeyu. Na ndugu mmoja.

Tukimaliza kuimba, jeneza litashushwa kwa kamba. Chome ameomba ashike upande wa kichwani, na kamba yake ameizungusha tangu asubuhi, mara mbili, kwenye nguzo iliyochimbiwa hapo. Mchungaji atauliza kama wote wako tayari. Kaka, nimeshika. Shuka polepole, upumzike kwa amani.