Gaudiosus Kashaija: siku mia na ishirini ugenini, siku mia na thelathini nyumbani

Baba Paroko, majirani wa Nyakatuntu, na ninyi mliotoka Songambele na Rugera kwa miguu katika mvua hii, mimi ni Deodatha, dada mkubwa wa marehemu, niliyesoma hadi darasa la nne, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii, na nitaisoma yote, hata pale ambapo baadhi yenu mngependa niruke.

Marehemu Gaudiosus alizaliwa hapa Nyakatuntu tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa tano wa mzee Kashaija na mama Dafroza, akaanza shule ya msingi mwaka 1962, akaendelea na sekondari ya misheni, kisha chuo cha ufundi Dar es Salaam, na mwezi Septemba 1978, mwezi mmoja kabla ya vita kutukuta huku Kagera, akapelekwa na serikali kusoma uhandisi Urusi, hivyo sisi tulipokuwa tunalala migombani kwa kuogopa mabomu, yeye alikuwa anajifunza kuhesabu kwa lugha ya watu.

Alipohitimu mwaka 1984 aliajiriwa hukohuko katika karakana iliyotengeneza viti na mikanda ya vyombo vinavyokwenda angani, yeye mwenyewe hakupanda huko, nalisema hili mapema kwa sababu wapo walioongeza chumvi, na jirani yetu Melkiory alipomuuliza kilabuni kama alimwona Mungu, alijibu kwamba alimwona daktari tu.

Daktari alimwona kweli. Tarehe 3 Februari 1986 alijitolea kwa jaribio la madaktari, akalazwa kitandani siku mia na ishirini, kichwa chini kidogo kuliko miguu, bila kuinuka hata kwa haja, kwa sababu kulala hivyo humfanya mtu awe kama aliye angani, ambako mwili hauna uzito, uso unavimba, miguu inakonda, na mfupa usiobeba kitu unajiona hauna kazi, unayeyuka na kutoka kwa mkojo. Nusu ya waliolazwa walivutishwa mikanda ya mpira kila siku wakiwa wamelala, nusu hawakufanya lolote, na ndugu yetu aliwekwa kwa hao wa pili, akachukua miezi minane kutembea vizuri, na nyonga zake hazikurudi zilivyokuwa.

Alirudi nyumbani Januari 1992, akafundisha sayansi sekondari, siku za mapumziko akitengeneza mashine za kukoboa kahawa huko Rugera, na tarehe 8 Agosti mwaka huohuo akafunga ndoa na Speciose, binti wa mzee Gaspari wa Songambele, wakajaliwa watoto wawili, Evangelina aliyezaliwa 1993 na Celestin aliyezaliwa 1995.

Tarehe 12 Mei mwaka huu wa 1997 aliteleza kibanjani, kwenye migomba yake, akiwa na mkungu wa ndizi begani, nyonga ikavunjika, mkambeba kwa engozi, machela yetu ya kienyeji, hadi barabarani, akalazwa hospitali, akarudi tarehe 20 Juni na agizo la daktari kwamba ainuke kidogo kidogo kwa magongo, naye akakata mipira ya ndani ya baiskeli, akaifunga kwenye boriti juu ya kitanda, akawa anaivuta asubuhi na jioni kwa mikono na kwa mguu mzima.

Hapa ndipo nilipoingia mimi. Mnajua desturi yetu, mgonjwa akikutwa amesimama wageni husema hana watu wa kumuuguza, na Byarugaba mdogo wetu alikuja akamkuta anatokwa jasho, akatoka nje akisema, "Huyu mwanamke anamlimisha mgonjwa kitandani," nami nikaona aibu, tarehe 2 Julai nikapanda kwenye kigoda nikaikata ile mipira, nikafungia mbuzi. Speciose aliniambia, "Wifi, mwache avute, daktari amesema," nikamwita mvivu asiyetaka kuuguza. Gaudiosus aliniambia, "Dada, kitanda kinakula mifupa, mimi nimeshaliwa mara moja," nikamfunika blanketi, nikamlisha uji kwa kijiko, na kila mgeni akanisifu.

Alilala siku mia na thelathini. Mguu ulikonda nikawa naushika kwa vidole viwili, damu ikaganda mguuni, ikapanda mapafuni, akafariki Jumapili tarehe 9 Novemba saa mbili asubuhi, na daktari aliyeitwa alitueleza hivyo mbele ya Byarugaba, kwa Kiswahili.

Sasa nasikia kwamba keshokutwa ukoo utakaa kumfukuza Speciose kibanjani, eti amemloga, eti watu waliotoka ng'ambo ya mpaka ndivyo walivyo, baba yake akiwa amelima Songambele tangu kabla Byarugaba hajaota meno. Hakuna aliyeloga. Aliyemlaza ni mimi, aliyenichochea amekaa pale mbele na kofia mkononi, na kibanja ni cha Speciose na watoto wake, mwenye neno aanze na mimi, sijahama.

Tunawashukuru madaktari ambao hatukuwasikiliza, walimu wenzake, majirani wa engozi, na wanaotupikia tangu Jumapili. Na wewe Melkiory, uliyebebwa hadi hapa, umelala tangu mwezi wa tisa kwa goti, mipira nimeifungua kwa mbuzi, jioni nakuletea, na wageni wako wakisema huna wa kukuuguza, nitawajibu mimi.

Mdogo wangu, ulipumzishwa kupita kiasi ukiwa hai, sasa lala kwa amani, hakuna atakayekulaza tena.