Historia ya Mama Edah Nekesa na Kinu Chake Kilichozimwa

"Zima, mama, si nimekwambia uzime!" alisema Bwana Wakhungu, mzee wa mtaa wetu, akiwa mlangoni pa kinu, ameziba sikio moja kwa kiganja, na Mama Edah Nekesa, ambaye leo tumekusanyika kumzika, akamjibu bila kuacha kumimina mahindi, "Nizime kwa nini, na hawa kina mama wametoka Webuye na mizigo kichwani, watoto wao watakula amri yako?" Wakhungu akasema ati amri si yake, ni ya polisi walioko juu ya kilima, injini ya kinu inawapigia makelele ndani ya simu yao ya upepo, hawasikii Kitale wala Bungoma. "Hayo makelele yanapanda kilima chote hicho kwa miguu gani?" aliuliza marehemu, na kina mama wakacheka, na Wakhungu akaona anachekwa yeye, akaingia ndani kwa hasira, akavuta waya wa plagi kwa mkono mtupu, akapigwa na umeme hadi kofia ikamruka kichwani, lakini injini ilizimika.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, hapa Matulo, na familia imeamua historia ya mama ianzie hapo, kabla hata ya kutaja kuzaliwa kwake, kwa sababu wapo waliotujia jana wakituomba tusitaje habari ya kinu, ati msiba si mahali pa kulaumu, nasi tuliwapa chai, tukawasikiliza, tukaona kwamba maisha ya mama bila kinu yangekuwa maisha ya mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa Matulo mwaka wa 1912, wakati wa mavuno, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi wake, akabatizwa, akasoma kwenye shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1922 hadi 1927, akajua kusoma Biblia, kuandika barua na kushona, kisha akaambiwa kwamba hayo yanamtosha msichana. Tarehe 12 Aprili 1930 alifunga ndoa kanisani na Bwana Wabwile Wepukhulu, na mwaka huohuo wakahamia upande wa Kitale, kwenye shamba la mzungu, yeye akifanya kazi katika ghala la mahindi na mumewe akitunza injini ya kinu cha shamba. Mungu aliwajalia watoto watatu walio hai, Wekoye, Dinah ambaye ameolewa Matisi, na Jentrix, kitinda mimba, anayewasomea historia hii.

Mwaka wa 1946 Bwana Wabwile aliondoka shambani, akanunua injini kuukuu ambayo mzungu hakuitaka tena, ikaletwa kwa treni hadi Webuye, na kutoka stesheni ikavutwa na ng'ombe hadi hapa, na watu wa rika lake wanakumbuka jinsi marehemu alivyotembea nyuma ya mkokoteni akiishika injini ile kwa mkono, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mume alipofariki mwezi wa Juni 1950, walikuwepo waliosema mashine haiwezi kukaa na mjane, marehemu hakubishana nao, aliamka asubuhi, akatia petroli, akazungusha mpini, injini ilipopata moto akaigeuzia mafuta ya taa, na waliokuja kumshauri wakarudi nyumbani na unga.

Ndipo ikaja hali ya hatari, na polisi wakapewa magari yenye simu ya upepo, ambayo mtu husema akiwa njiani na kujibiwa papo hapo, na gari moja likawekwa juu ya kilima cha hapa kwetu, kwa kuwa huko juu ndiko lilikoweza kuisikia Bungoma na kuipitishia habari Kitale. Amri aliyoileta Wakhungu ilisema gari likiwa kilimani kinu kisiwake, na gari lilikuwa kilimani karibu kila siku ya Mungu. Kina mama walifika na mahindi, wakakaa kivulini wakitazama juu, wakarudi nyumbani na mahindi yaleyale, wengine wakafufua mawe ya kusagia ya nyanya zao, na mikono yao ikatoka malengelenge. Jentrix aliacha shule akiwa darasa la tano, si kwa uvivu, wala si kwa zile sababu nyingine zilizonong'onwa kisimani, aliacha kwa sababu kinu kilichokuwa kikimsomesha kilizimwa, na waliokuwa wakinong'ona leo wamesikia.

Marehemu hakulia, alipanda lori akaenda Kitale, kwa Bwana Baldev, fundi wa magari, Singasinga aliyemfahamu tangu enzi za shamba, akamwuliza kama ni kweli injini inaweza kumharibia mtu mazungumzo akiwa mbali. Baldev alimwambia ni kweli. Alimweleza kwamba ile cheche inayowasha mafuta ndani ya injini hairuki ndani tu, waya wa plagi huitupa pia hewani, na simu ya upepo huidaka, isijue kutofautisha cheche na sauti ya mtu. "Kwa hiyo Wakhungu hakudanganya," alisema marehemu, na Baldev akacheka, "Hapana danganya, mama, lakini ngoja kwanza. Kinu yako iko na plagi ngapi?" Marehemu akasema moja. "Na gari ya polisi iko na nne, na hiyo redio imelala palepale kando ya injini. Sasa nani anapigia nani kelele?"

Siku moja ambayo gari halikuwa kilimani Baldev alikuja mwenyewe hadi Matulo, akaja na redio yake ya nyumbani na betri, akaiweka uani, na kinu kilipowashwa redio ile ikatoa mlio kama bisi zinazopasuka chunguni. Akaivisha plagi kofia yenye kizuizi ndani yake, akauvika waya soksi ya nyaya zilizosukwa, akaifunga soksi ile kwenye mwili wa injini ili cheche zisipate njia ya kutoka, akawasha tena, na kinu kikasaga huku redio ikiimba nyimbo za Kihindi bila kukwaruza, na mabibi wa hapa wakacheza wimbo ambao maneno yake hawakuyajua. Siku hiyo marehemu alitimiza wajibu wake wote, jambo ambalo hakulazimishwa na sheria yoyote, akasema, "Sasa na wao wavishe zao nne."

Yaliyofuata ndiyo yanayoiuma familia hii hadi leo. Tarehe 3 Novemba 1954 marehemu alipanda kilima pamoja na Bwana Wakhungu, wakamkuta afisa wa polisi na askari mmoja, Bwana Rotich, aliyekuwa amevaa vyombo vya kusikilizia masikioni, gari likinguruma kama kawaida ili betri isiishe. Marehemu akaomba kwa heshima asikilizwe, akainua kitambaa chake cheupe, ishara waliyopatana, na huku chini Wekoye akakizima kinu alichokuwa amekiwasha kwa jaribio hilo, kila mtu akaona moshi wa injini umekoma. "Haya, sasa unasikia?" aliuliza, na Rotich akatega sikio, akatikisa kichwa, "Bado, mama, ni kelele ileile." Akainua kitambaa mara ya pili, Wekoye akawasha, na Rotich akasema haikuongezeka wala haikupungua. Ndipo marehemu akasema, "Basi zimeni na hili gari, kidogo tu, tusikie."

Afisa akakataa. Akasema betri ya serikali haichezewi, na marehemu alipomwambia kwamba kuna fundi Kitale aliye tayari kuzivisha plagi zile, afisa akasema hakuna mkono wa fundi wa mjini utakaogusa gari la polisi, na amri inabaki vilevile. Wakati wa kushuka Wakhungu alimwambia, "Mama Edah, hata mimi nimeona kwa macho yangu, lakini amri imeshatoka, nitairudishaje?" Marehemu akamjibu, "Ilipotoka uliikimbiza mpaka kwangu, sasa ikirudi unaishiwa na pumzi."

Tunauliza mbele ya watu na mbele ya jeneza hili, ni kosa gani mama alilofanya? Aliambiwa kinu chake kinapiga kelele, akakinyamazisha. Waliomwambia walikuwa wamekalia kelele zao wenyewe, wakashindwa hata kuzima gari kwa muda wa kunywa chai, na kwa kushindwa huko kijiji kizima kikarudi kwenye mawe. Aliandika barua Bungoma, akaenda Kitale mvua na jua, akaambiwa arudi wiki ijayo, arudi baada ya mavuno, arudi mkubwa akitoka likizo, naye alirudi kila mara, amevaa gauni lake la kanisani, hakuwahi kumtukana mtu.

Mwezi wa Julai mwaka huu wa 1957, akitoka katika mojawapo ya safari hizo, alinyeshewa kutwa nzima, akaanza kukohoa, homa ikapanda, akalala kwa Dinah kule Matisi, kisha akapelekwa hospitalini Kitale, ambako madaktari walikuta mapafu yote mawili yameingiwa na nimonia. Alifariki Jumapili, tarehe 18 Agosti 1957, asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Dinah, na jambo la mwisho aliloagiza ni kwamba watakaokuja kumzika wasilishwe unga wa dukani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Bwana Baldev aliyeuleta mwili nyumbani na yuko nasi hapa, majirani waliobeba maji na kuni, waumini wenzake, na kina mama wa foleni ya kinu, waliokuwa ndio wenzake wa kazi, na ambao leo alfajiri walifika na mahindi kutoka Webuye na pande zote za Matulo. Tunamshukuru pia Bwana Wakhungu kwa kusimama nasi, ingawa amechelewa.

Pumzika sasa, mama, kwa amani ambayo hukuachiwa ukiwa hai, umesaga vya kutosha, sisi tutamimina.

Lakini historia hii haijakamilika bila habari ya leo asubuhi. Wekoye alikiwasha kinu ili agizo la mama litimizwe, na gari liko kilimani, wote mnaliona, wazee wakamsihi azime asilete balaa siku ya maziko, yeye akakataa, wakawa wanavutana hapohapo, mara wakamwona askari akiteremka kwa haraka, na kina mama wakayakumbatia madebe yao ya mahindi, wakijua amekuja kuwafukuza. Alikuwa Bwana Rotich. Alifika mlangoni pa kinu, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kushinda injini, "Msizime. Nimetumwa nizime, lakini nimemwomba afisa tuzime gari letu kwanza, amevaa vile vya masikioni mwenyewe, na Kitale wanasikika kama wako hapa mlangoni, na kinu kinanguruma. Bado ameinama anasikiliza. Betri itavumilia, sageni unga wa mama."