Kaka Yetu Aliyeacha Kusali Kidogo Kidogo

Mchungaji, ndugu waombolezaji na majirani, mimi ni dada mdogo wa marehemu, familia imeniomba nisome historia yake, nami ninaisoma kama alivyoagiza mwenyewe, kwamba isipambwe.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Amka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akiwa wa pili kati ya watoto watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaingia sekondari lakini hakumaliza, kwa sababu baba aliugua, na mwaka 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha mikate, akianza kwa kufagia unga sakafuni, akapanda hadi kukanda, kisha kusimamia matanuri, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa akiimba naye kwaya, wakajaliwa mabinti wawili na kitinda mimba wa kiume. Jina la Amka alilipata nyumbani kwake, kwani kila alfajiri kabla ya kwenda kazini aliwaamsha wote wasali, wageni wakiwemo, hata shemeji yetu mmoja akasema kulala kwa Amka ni sawa na kulala kambini.

Mwaka 1991 alipewa usimamizi, na zamu ikaangukia Jumapili. Akasema ataenda ibada ya jioni, lakini jioni ilimkuta amesinzia kitini na viatu miguuni. Kwaya aliitumia salamu za udhuru, baadaye akaacha kuzituma, na kwaya nayo ikaacha kumngoja. Sala ya alfajiri ikawa ya mwisho wa wiki, kisha ya siku akija mgeni wa kanisani, kisha Biblia ikapandishwa juu ya kabati ili televisheni ipate nafasi. Hakulewa, hakuiba, hakumwinulia mkewe mkono, na ndiyo maana hakuna aliyemuuliza. Wifi alipomkumbusha alijibu kwa upole kwamba Mungu anaujua moyo wake. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka 2022 kifua kilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, mwishowe madaktari wakaturuhusu tumuuguze nyumbani. Mchungaji alipokuja kumwona alimwomba aongoze sala, kaka akafungua kinywa, akakaa hivyo, kisha akageukia ukutani. Mchungaji alipoondoka, kaka aliniambia, "Mdogo wangu, sikuondoka siku moja. Ningeondoka siku moja, ningejua nirudie wapi."

Juma lake la mwisho alimwita kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1993, nyumba ikiwa imeshanyamaza, akamwomba amsalie. Kijana alishika ukingo wa kitanda, akasema taratibu, bila kulaumu, "Baba, mimi hukunifundisha."

Kaka alilia. Kisha akasema, "Basi nifuatishe," akaanza Baba Yetu uliye mbinguni, mwanawe akirudia neno kwa neno, mpaka walipofika kwenye kusamehewa makosa, pumzi ikamwishia, na wifi akaimalizia akiwa amesimama mlangoni na beseni la maji mkononi. Alifariki tarehe 21 Februari 2024. Hakuniagiza niseme kwamba alirudi, aliniagiza niseme jinsi alivyokwenda, ili mwenye kwenda hivyo asikie akiwa bado na pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa matanuri ambao wamefunga kazi leo waje kumzika. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Kaka, Mungu uliyemwita kwa sauti iliyokatika akupokee, na akupe pumziko la amani.