Twiza ya Sukari

Kosa litangulie kusemwa, maana ndivyo Bassu mwenyewe alivyotaka. Miezi saba nyuma, baada ya swala ya Ijumaa, alisimama mlangoni pa msikiti wa Tizgarin na karatasi ya watu wengine mkononi, akawaambia wanaume wa kijiji: "Ni twiza, jamani. Tieni vidole." Twiza kwao ni kazi ya pamoja. Ukuta wa jirani ukianguka, shayiri ikiiva, au khatara, ule mfereji wao wa chini ya ardhi, ukijaa mchanga, kila nyumba hutoa jina na mtu wa kushika koleo, na hakuna anayeuliza mara mbili. Bassu ndiye mwandishi wa zamu za maji, ambazo muda wake hupimwa kwa kibakuli kinachozama. Chuoni alifika juzuu ya kumi, shuleni darasa la nne. Aliliona neno TWIZA juu ya karatasi kwa herufi kubwa, akaliamini. Mistari ya chini yake, midogo kama mayai ya chawa, hakuisoma, maana aliona haya kusema mbele ya watu kwamba macho yake hayafiki. Wanaume thelathini na saba walitia vidole, na kila mmoja akapewa donge la sukari, lile refu la kuchongoka linalofungwa kwa karatasi ya buluu. Bassu alipewa mawili.

"Astaghfirullah," husema kila akifika hapo. "Mawili."

Basi Jumatano moja walikuwa wamekaa kijiweni kwao, benchi la udongo lililoegemea ukuta wa lango la kijiji, ambapo kivuli hufika mara tu baada ya alasiri. Alikuwapo Moha Faransa, aliyechimba makaa ya mawe Ufaransa miaka ishirini akarudi na pensheni, kikohozi na maoni. Alikuwapo Addi Setilaiti, ambaye hajawahi kuvuka soko la Alhamisi lakini hakuna jambo la dunia asilolijua. Alikuwapo Zaid mwenye birika. Bassu alikaa ukingoni, nusu tako, na barua ya serikali ndani ya kanzu yake ya sufu.

— Zaid, chai hii ina nini? Moha aliuliza, akatema pembeni.

— Ina lori. Maji yamekuja na tangi kutoka mjini. Kisima cha msikiti kinatoa tope tangu Jumapili. Ukitaka ladha ya zamani kamwombe Bwana Tikiti.

Bwana Tikiti ndilo jina walilowapa wale wa kampuni, waliopanda matikiti maji juu ya bonde, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa haraka. Visima vyao vya kwanza vilikuwa viwili tu. Viwili hivyo vimeshakausha moyo wa khatara hadi maji yanakuja kama mkojo wa mzee.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Moha kwa uchungu.

— Hiyo umeiweka upande, mzee mwenzangu, alisema Addi. Mwenyeji ndiye yuko mahututi!

— Ndiyo maana nikaisema! Mimi nilikuwa chini ya ardhi miaka ishirini, nyinyi mlikuwa juu mnakula tende. Pampu za kizungu hazifyonzi kwenda chini. Zinafyonza kwa ubavu. Unaitega hapa, inakunywa kwa jirani. Nimeziona kwa macho yangu.

— Uliziona gizani?

— Nilikuwa na taa kichwani, we mpumbavu!

Addi Setilaiti aliweka gilasi chini. Akiweka gilasi chini, watu hujua kinakuja kitu.

— Ubavu si hoja. Swali ni je, tikiti ni nini?

— Tunda, alisema Zaid.

— Tunda! Tikiti ni mtungi wenye ganda la kijani. Mle ndani kuna nini? Maji. Ya nani? Yetu. Wanayapakia kwenye malori, malori yanapanda meli, na askari wa forodha anaandika "matunda". Hakuna serikali duniani itakayokuruhusu kuvusha mto mpakani. Basi hawa wameukata mto vipande vya kilo nane nane, wakaupaka rangi!

Hata Moha jambo lilimchoma. Bassu naye aligeuka akaangalia mitendeni. Mitende yake ya upande wa mashariki, ile aliyoipanda baba yake, mwaka huu imezaa tende kavu za kupewa punda. Sita imekwisha kufa kichwa. Na yeye ndiye aliyeshika ile karatasi.

— Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi, Addi aliongeza.

— Sasa hapo pakacha nani?

— Sisi.

— Na nafuu iko wapi?

— Usinichoshe, Zaid. Methali haiulizwi maswali kama mtuhumiwa.

— Basi sikieni hili, Moha alirudi kwa nguvu. Mvua je? Mbona mvua nayo imekata miaka mitano? Pampu zinafyonza na mawingu?

— Mawingu wameyakodi, alijibu Addi bila kupepesa.

— Wee!

— Wallahi! Kuna ndege ndogo nyeupe hupita saa nne asubuhi. Hiyo kazi yake ni kuyasukuma mawingu hadi baharini, yakanyeshee samaki. Mawingu yana mkataba sasa. Na chini ya jangwa kuna bomba. Linaanzia hapa kwetu linatokea Marseli, Ufaransa, kwenye bafu za watu.

— Mimi nimeoga Marseli, alisema Moha. Maji yake yalikuwa na chumvi ya Tizgarin kweli, sasa nakumbuka.

Zaid alicheka hadi chai ikamwagika. Bassu hakucheka. Zaid akamgeukia.

— Sidi Bassu, kwani barua umeileta utuonyeshe au umeileta ipate joto? Na safari hii umeisoma yote, au kichwa tu?

Lilikuwa teke la haki, na Bassu alilipokea. Akaitoa barua, akavaa miwani aliyonunua sokoni baada ya maji kupungua, yaani baada ya hasara kuingia ndani. Alisoma pole pole, kidole chini ya kila neno, hadi mhuri wa mwisho.

Barua ilisema kwamba kampuni inaomba visima vipya kumi na viwili. Yeyote mwenye haki katika maji ya khatara, kama anapinga, afike ofisi ya wilaya kesho Alhamisi kabla ya adhuhuri. Na aliyekwisha kuridhia kwa sahihi au kwa kidole, pingamizi lake halitapokelewa.

— Kumi na viwili, alisema Moha. Hata kikohozi chake kilikatika.

— Watu wa vijiji vinne vya juu wamekwisha kupinga, Bassu alisema. Wamekaa barabarani siku ya sita leo, wao na kondoo wao, lori la kuchimbia halipiti. Wametuma mtu tena asubuhi. Wanasema ardhi ya visima ni ya Tizgarin na kisima mama, chanzo cha khatara, ni cha Tizgarin. Tizgarin ikinyamaza, kelele zao ni za hewani. Wanatusubiri sisi.

— Twende basi! Addi aliruka. Twende wote, tuwaambie hao makafiri wa tikiti...

— Wewe ulitia kidole, Addi, alisema Bassu.

— Nilitia kidole kwa twiza! Nilidhani tunakwenda kuzoa mchanga! Hata koleo nililinoa!

— Karatasi haikuandika koleo. Iliandika "Twiza ya Neema", na neema yenyewe ni visima vyao.

— Wezi! Moha alipiga benchi, vumbi likaruka. Wangekuja na bunduki tungewaelewa. Wangekuja na fedha tungebishana bei. Wamekuja na neno letu wenyewe! Neno la marehemu babu zangu, la jasho na uji wa shayiri, wakalivaa kama kanzu ya kuazima, wakaingia nalo msikitini!

— Na sukari tukainywa, alisema Zaid taratibu.

— Mimi bado ninayo nusu, Addi alikiri.

Hapo ndipo Tuda, dada mkubwa wa Bassu, alipofika langoni na mzigo wa majani ya mbuzi mgongoni. Alikuwa ameolewa kijiji cha pili miaka thelathini, mumewe akafa, akarudi nyumbani msimu wa tende uliopita. Desturi ni kwamba mwanamke hupita kijiweni bila kusimama, na wanaume huangalia chini mpaka apite. Wanaume wakaangalia chini. Tuda akasimama.

— Salamu alaikum. Nimesikia kelele tangu kwenye mitende. Nina swali dogo.

— Sema, Lalla Tuda, alisema Zaid kwa heshima, akiwa bado anaangalia birika.

— Zamu yangu ya maji ya Jumatatu, kidole alikitia nani?

Moha alimtazama Addi. Addi, mwenye jibu la mawingu, la meli na la bafu za Marseli, alikitazama kidole chake.

— Maana mimi sikuletewa karatasi, Tuda aliendelea. Wala sukari. Baba alipokufa aliacha zamu ya Jumatatu alfajiri, vibakuli sita. Wazee walikiweka kile kibakuli cha shaba chenye tundu ndani ya beseni, kikazama mara sita, nikahesabu kwa sauti mbele yao. Vinne vya kaka, viwili vyangu. Nauliza tu. Vile viwili vyangu vimeridhia visima?

— Aliyekwisha... Addi alianza. Maji yakisha... Mtoto wa nyoka... Akaiacha. Hakuna methali iliyokuja.

Bassu alijua jibu, nalo lilikuwa baya kuliko ujinga. Kosa la kwanza alikuwa amekwisha kulisema msikitini, mara nyingi, hata watu wakachoka kulisikia. Hili hakuwahi kulitia ulimini. Alisimama, kwa sababu hakuona vizuri kulisema amekaa.

— Kidole hakikutiwa na mtu, Tuda. Vibakuli vyako havimo kwenye karatasi kwa jina lako. Katika daftari la zamu niliviandika kwangu. Sita vyote, "Bassu". Ulipoolewa nilijiambia ni kwa wepesi tu, dada yuko mbali, nitamwangalizia. Mwaka ukapita, mitende yangu ikanenepa kwa maji yako. Aya ya mirathi naijua kwa moyo, mimi ndiye ninayeisoma kila matanga. Naisoma kwa sauti nzuri, watu wanalia, halafu narudi nyumbani kumwagilia na haki ya dada yangu.

— Na wangu? Zaid aliuliza ghafla. Mama yangu yu hai. Kwenye zamu yake ya Ijumaa ameandikwa nani?

— Wewe.

— Mke wangu, alisema Moha. Alirithi kibakuli kwa baba yake.

— Umeandikwa wewe, Sidi Moha. Wote ni hivyo. Wanawake wote wa Tizgarin nimewaandika kwa waume na kaka zao, kama alivyofanya mwandishi wa kabla yangu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Tuda alitua mzigo chini. Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha hata tone.

— Kwa hiyo mlitusahau kwenye haki, na kwa kutusahau mkashindwa kutuuza. Miezi saba mnakaa hapa mnayafungulia mawingu kesi! Na sisi tunabeba maji ya tangi kwa ndoo, tunasikia mnacheka. Mnadhani mitende inayokufa ni yenu peke yenu?

Zaid alizima jiko la birika, maana hata chai haikufaa tena.

— Barua inasema mwenye haki ambaye hajaridhia, Bassu alisema. Nimeisoma yote, Tuda, mpaka mhuri. Nyinyi ndio mnaoweza. Sisi tumejifunga. Leo kabla ya magharibi nitafungua daftari mbele ya imamu, kila kibakuli nitakirudisha kwa jina la mwenyewe, wazee waliohudhuria mgao watashuhudia, na nitatia sahihi kwamba mwandishi ndiye mkosa. Kesho ofisini wakitaka wa kumfunga, nitakuwa nimesimama pale pale.

— Na unataka nini kwangu?

Bassu aliirudisha barua ndani ya kanzu.

— Siwezi kugonga milango ya wanawake wenzako. Watanifungia, na watakuwa na haki. Wako kwenye tanuri la mikate saa hizi. Gari la soko, lifikalo ofisi ya wilaya, linaondoka kesho baada ya swala ya alfajiri. Dada, nakuomba uende ukawaite.