Upepo Usoni mwa Kipaza

Baraza la Mwero liko Msambweni, mkabala na bucha: ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, dele la kahawa juu ya makaa, na sahani ya kashata. Wanaokaa hapo alasiri kila mmoja ana jina lake la baraza. Randu mwenye bucha ni Kisu. Alamin anayeunga stima majumbani ni Waya. Na Tofiki ni Kipaza, kwani ndiye azungukaye na tuktuk yenye kipaza sauti akitangaza maziko, arusi na mikutano ya maji. Alhamisi ile Kipaza alikuja amejitanda kitambaa mdomoni, akakaa mwisho wa ubao, na Mwero akammiminia kahawa bila kumwuliza kitu.

Uso wake ulikuwa umeanguka upande wa kushoto. Wiki iliyotangulia aliamka akajitazama kiooni, akaona jicho halifumbi na pembe ya mdomo imelegea. Hospitalini waliambiwa, yeye na mkewe, kwamba ni neva ya uso, akapewa vidonge, akaambiwa itarudi taratibu. Hiyo taratibu ndiyo iliyomshinda. Bintiye Nusaiba alikuwa anaolewa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, na yeye baba ndiye walii wa kumwozesha. Maneno yale, nimekuozesha binti yangu, ambayo bwana arusi huyajibu akiwa ameshikana mkono na walii, alikuwa akiyangojea tangu mtoto azaliwe. Sasa kila panapotaka midomo ikutane, ilimtoka pumzi tupu. Mdogo wake Abdurahman, aishiye Lunga Lunga, alikubali kushika uwakili, na dini yaruhusu, ila Kipaza hakuwa amempa jibu. Badala yake alikwenda Ukunda kwa mganga wa Kichina.

Aliyoyasikia huko yalimvuruga zaidi. Mganga alimchoma sindano nyembamba usoni, kisha akamchoma nyingine mkononi, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, tena mkono wa kulia. Alipouliza uso na mkono vina udugu gani, binti mkalimani alimwonyesha picha ukutani ya mtu aliyechorwa mistari toka utosini hadi nyayoni. Mwilini, akasema, mna njia kuu, na vichochoro vinavyoziunganisha, na humo ndimo ipitamo nguvu ya uhai. Njia moja huanzia kidole cha shahada, ikapanda mkono na shingo, ikavuka chini ya pua na kuishia upande wa pili. Upepo ulikuwa umeingia vichochoroni mwa uso wake, ukaziba.

Kipaza aliwaeleza wenzake haya kwa taabu, akirudia neno moja mara kadhaa, na wao wakangoja amalize.

— Mimi nimepasua ng'ombe tangu sijaota ndevu, — akasema Kisu. — Mishipa naijua, kano nazijua, utumbo naujua hata ulivyojikunja. Njia hiyo sijakutana nayo.

— Ng'ombe wako wamekufa, — akasema Waya. — Stima ikiwa imekatika, ukaupasua waya, utaiona?

— Nitaona shaba.

— Basi. Na wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Hii yatoka kidoleni mpaka puani. Kwa urefu huo, itakuwaje uwongo?

Kisu alikunywa kahawa kwanza. Alijua methali ile imekaa vibaya, ila hakuona pa kuishika.

Waya akaendelea kufafanua kwamba mwili ni nyumba: taa iko darini, lakini swichi huwa mlangoni, na mkono ndio mlango. Kipaza alilipenda hilo, na kwa muda akajiona ameelewa. Kisu akataka kujua kwa nini taa ya kushoto iwe na swichi kulia. Waya akajibu kwamba mafundi wengine huunga hivyo, kisha, kwa kuwa alikuwa akisikilizwa, akasonga mbele: huenda kile kipaza sauti kilikuwa kikivujisha stima miaka yote, ikapanda mkono uleule wa kulia, ikavuka puani, ikaunguza fyuzi ya shavu la kushoto. Kipaza aliutazama mkono wake. Ulikuwa ndio mkono ashikiao kipaza sauti, na tuktuk ndiyo iliyomsomesha Nusaiba.

Mwero, aliyekuwa akipepea makaa, akasema wote wawili wameliruka neno lenyewe. Mchina amesema upepo.

— Sisi watu wa huku upepo twaujua, ni pepo, — akasema. — Una majina, na una vitu unavyovitaka. Mwengine hutaka ngoma, mwengine halua na marashi. Sijausikia unaotaka sindano.

Kipaza akasema mkalimani alikusudia baridi tu, ya kulala dirisha wazi.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, — akasema Mwero. — Mchina keshakuja, na wewe hujapona. Kwa hivyo si baridi.

Hapo fikira ikamjia Mwero mwenyewe, na ikamtisha kabla hajaitamka. Ikiwa njia yatoka kidoleni kwenda usoni, akasema, basi hiyohiyo yarudi. Upepo ukifukuzwa shavuni utashuka shingo, ushuke mkono, utokee kiganjani. Na kesho walii ataushika mkono wa nani?

Kisu alijifuta kiganja kwenye aproni, kwani alikuwa amempa Kipaza mkono alipofika. Waya akasogea kidogo ubaoni, akajifanya anatafuta kashata. Kipaza alikuwa amefika na shaka moja, atatamka vipi. Sasa alikuwa na mbili, na ya pili ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa haikumhusu yeye bali mtoto wa watu.

Ndipo mtoto huyo wa watu akatokea. Muzammil alikuwa kijana wa Funzi, abebaye watalii kwa boti, na alikuwa amevuka kununua kanzu. Aliwaamkia wote shikamoo, akamwendea mkwewe mtarajiwa na kumnyoshea mkono. Kipaza aliuficha wake chini ya shuka aliyovaa. Kijana alibaki na mkono hewani, akauteremsha polepole, akadhani amekosea adabu.

— Baba, niwie radhi, — akasema. — Nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Kesho nitamjibu nani?

Waya akamtazama Kisu. Kisu akamtazama Mwero. Mwero akalitikisa dele, likalia tupu. Walikuwa wamejua upepo ulivyoingia, ulipopita na utakapotokea, lakini hilo hawakulijua.

Kipaza alikishusha kitambaa, uso wake ukaonekana wote, upande uliosimama na upande ulioanguka. Akautoa mkono wa kulia, akauweka katika mkono wa kijana, na Muzammil hakuuvuta.

— Utanijibu mimi, — akasema Kipaza.

Yalitoka kombo. Herufi za midomo zilivujia pembeni, na mtu wa mbali angedhani ametaja kitu kingine. Muzammil alisubiri yaishe.

— Vyema, baba. Useme polepole. Mimi sitakuwa na haraka.